Unga wa bangi wa kutia katika chai na chakula: namna ninavyoutengeneza jikoni kwangu, Ontario

Mjomba wangu ana miaka 67, anaishi Hamilton katika jimbo la Ontario, na aliacha sigara zamani kwa amri ya daktari wa mapafu. Magoti yalipoanza kumkosesha usingizi, daktari wake hakumkataza kujaribu bangi kwa kiasi kidogo, ila alimkataza kabisa kuivuta. Akanipigia simu mimi, kwa kuwa nimefanya kazi ya upishi miaka mingi, akitaka kitu cha kutia katika chai yake ya maziwa ya jioni. Nilipomwambia kwamba njia nzuri ni unga, alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Mjomba, unga tena? Umeanza lini mambo hayo?» Ilibidi nimweleze kwamba sizungumzii ule unga unaoangamiza vijana wa mitaani, bali mafuta ya nazi yenye bangi yaliyogeuzwa kuwa unga mkavu. Maelezo yaliyo hapa chini ndiyo niliyomwandikia, pamoja na yale niliyojifunza tulipofanya kazi hiyo pamoja jikoni kwangu.

Nayaandika kwa ajili ya watu wazima wanaoishi mahali ambapo jambo hili ni halali. Hapa Kanada sheria ya bangi ilianza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, na inamruhusu mtu mzima (miaka 19 hapa Ontario, 21 huko Quebec) kununua katika duka lenye leseni na kutengeneza chakula au kinywaji chenye bangi nyumbani, mradi asitumie viyeyushi vinavyowaka moto kama butani. Kenya na Tanzania bangi ni kosa la jinai, na kuivusha mpaka wa Kanada ni kosa hata kama umeandikiwa na daktari, kwa hiyo anayesoma haya akiwa Mombasa au Tanga ayachukue kama habari tu. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa moyo, na mwenye historia ya maradhi ya akili katika familia asiguse. Anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa nyingine za kila siku azungumze kwanza na mfamasia, maana bangi inaweza kubadilisha nguvu ya dawa hizo mwilini.

Vifaa

Utahitaji gramu 2 za maua makavu ya bangi, gramu 100 za mafuta ya nazi yaliyosafishwa, maltodekstrini ya muhogo (unga mweupe mwepesi wa kunyonya mafuta), lekithini ya alizeti (ya kusaidia mafuta yachanganyike na maji), manjano, chujio lenye matundu madogo sana, kipimajoto cha oveni na mizani ya dijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Ukikosa kimojawapo utapata namna ya kujikimu, isipokuwa mizani. Asiye na mizani asianze kazi hii. Watu hunipa hoja kwamba bibi zetu walipika pilau kwa kukisia na ikanoga, nami hujibu kwamba chumvi ikizidi utaionja katika kijiko cha kwanza, lakini bangi ikizidi utaitambua saa mbili baadaye, sahani ikiwa imeshaoshwa.

Hatua ya kwanza: kuiamsha bangi kwa joto

Ua bichi la bangi halina THC, yaani kemikali ya bangi inayolevya, ya kutosha kumfanya mtu ahisi chochote, kwa sababu sehemu kubwa iko katika umbo la tindikali, ambalo hugeuka kuwa THC linapopata joto. Vunjavunja maua kwa vidole, yatandaze katika bakuli la kioo la kuokea, funika kwa karatasi ya foili, kisha weka ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 115 za Selsiasi kwa dakika 40. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kitasa cha oveni. Ya kwangu huzidi kwa nyuzi 15, na bila kipimajoto nisingejua. Fungua dirisha mapema, kwani harufu yake ni kali na majirani hawajakukosea lolote.

Hatua ya pili: mafuta

Changanya bangi iliyoamshwa na mafuta ya nazi katika bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotokota taratibu, uache kwa saa mbili huku ukikoroga mara kwa mara, kisha chuja kwa kitambaa. Usikikamue kitambaa kwa nguvu kama unayetafuta tui la mwisho, kwa maana utakachopata ni rangi ya kijani na uchungu wa majani.

Hatua ya tatu: kugeuza mafuta kuwa unga

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima, na ndiyo maana nitasema mengi.

Maltodekstrini ninayoitumia hutengenezwa kutokana na wanga wa muhogo. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza, nilicheka peke yangu, nikaenda kabatini nikatoa mfuko wa unga wa muhogo niliokuwa nimeununua kwa ajili ya ugali, nikaumiminia mafuta. Nilipata kinata cha rangi ya majani makavu ambacho hakikukauka wala hakikuchekecheka, nami nikazidi kuongeza unga kwa muda wa saa nzima nikidhani kwamba kasoro ni kipimo. Kasoro haikuwa kipimo. Unga wa kawaida una chembe nzito zilizoshikamana, nayo mafuta huzizunguka kwa nje tu, ilhali maltodekstrini inayofaa imechakatwa hadi ikawa nyepesi kama pamba iliyochambuliwa, yenye uwazi mwingi ndani yake, na mafuta hujificha katika uwazi huo. Wiki iliyofuata nilinunua maltodekstrini ya mahindi katika duka la vyakula vya wanamichezo, ile nzito inayouzwa katika makopo makubwa, nikapata kinata kingine, safari hii kitamu kidogo. Kwa hiyo, kabla hujalipa, inua mfuko: ukiwa mkubwa wa kujaza kifua nao hauna uzito wa kitu, umepata ile yenyewe. Maduka ya vifaa vya upishi wa kisasa huuza.

Vipimo vyangu ni hivi: gramu 40 za mafuta, gramu 2 za lekithini, na gramu 78 za maltodekstrini, ambavyo kwa pamoja hutoa gramu 120 za unga. Mafuta yawe yameyeyuka lakini yasiwe ya moto. Mafuta ya nazi huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na wakati wa baridi jikoni kwangu huwa ni nyuzi 19, kwa hiyo lile bakuli la mafuta hulisimamisha ndani ya maji ya uvuguvugu muda wote wa kazi. Yakiganda katikati ya kuchanganya, utakuwa umetengeneza kokoto badala ya unga. Yeyusha lekithini ndani ya mafuta kwanza. Kisha tia manjano, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili.

Manjano hayo si kwa ajili ya ladha. Maltodekstrini ni nyeupe kabisa, na mafuta yenye bangi kidogo kiasi hiki hayana rangi ya kutosha kukuonyesha yalikokwenda. Mara ya kwanza nilipofanikiwa kupata unga mkavu, nilifurahi mno nikausifu kuwa laini, kumbe ndani yake mlikuwa na vidonge vidogo vya mafuta ambavyo jicho halikuviona. Jumatatu nilitumia kipimo changu nikalala vizuri. Jumatano nilitumia kipimo kilekile, gramu zilezile, nikakaa kwenye sofa hadi saa nane za usiku nikiyahesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe, kwa sababu kijiko cha siku hiyo kilibeba vidonge viwili au vitatu. Rangi ya manjano huyeyuka katika mafuta na huenda nayo popote yanapokwenda. Penye doa la njano iliyokolea ndipo penye bangi nyingi, na penye weupe hapana kitu. Faida ya pili ni kwamba unga wenye rangi hiyo hakuna mgeni atakayeudhania kuwa sukari au maziwa ya unga.

Sasa weka maltodekstrini yote katika bakuli pana na udondoshee mafuta, narudia, udondoshee, kijiko kimoja cha chai kwa wakati mmoja, huku mkono mwingine ukikoroga kwa mchapo wa waya. Usimimine mafuta yote kwa pamoja hata kama umechoka. Ninajua wapo wanaotumia blenda, nami niliijaribu: visu vyake huukandamiza unga chini na kuupasha joto, na theluthi yake hubaki imeganda kwenye pembe. Mkono ni bora. Mafuta yakiisha, pitisha unga wote katika chujio ukisukuma mabonge kwa mgongo wa kijiko, kisha pitisha tena mara ya pili, na ya tatu. Umwage juu ya karatasi nyeupe, utandaze kwa kisu, uuangalie karibu na dirisha. Ukiona madoa, rudia. Sisi na mjomba tuliupitisha mara tano, yeye akilalamika kwamba hata unga wa harusi haujawahi kuchekechwa hivi.

Hatua ya nne: hesabu

Soma kifungashio kwa makini. Katika maduka ya hapa kifungashio cha maua kinaweza kuwa na namba mbili, THC na jumla ya THC, na watu wengi husoma ile ya kwanza kwa sababu iko juu. Kifungashio cha mjomba kilikuwa na miligramu 7 kwa gramu moja katika mstari wa kwanza, na miligramu 180 katika mstari wa pili. Ya kwanza ni THC iliyomo kabla ya kupashwa joto. Ya pili ndiyo itakayokuwapo ukishaiamsha, na ndiyo ya kuhesabia. Aliyetumia ile ya kwanza atakuwa amejidanganya kwa zaidi ya mara 25.

Gramu 2 zikizidishwa kwa 180 ni miligramu 360. Zikigawanywa katika gramu 100 za mafuta, kila gramu ya mafuta ina miligramu 3.6. Gawanya kwa gramu 100 ulizoanza nazo, hata kama baada ya kuchuja umebaki na 92, kwa sababu mafuta yaliyonaswa na makapi yameondoka na fungu lake. Gramu 40 za mafuta hayo zina miligramu 144, nazo zikisambaa katika gramu 120 za unga, kila gramu ya unga ina miligramu 1.2. Kwa hakika sehemu fulani hupotea njiani, lakini mimi huhesabu kana kwamba hakuna kilichopotea, ili nikikosea nikosee upande wa uchache.

Wizara ya Afya ya Kanada hushauri anayeanza asizidishe miligramu 2.5, kwa hiyo gramu 2 za unga huu zinatosha. Pima kwa mizani kila mara, kwani kijiko kilekile hubeba uzito tofauti kutegemea umeushindilia kiasi gani.

Kuutumia

Katika chai, usiunyunyize juu ya kikombe kilichojaa. Maltodekstrini huyeyuka mara tu ipatapo maji na kuyaachia mafuta, nayo yataelea juu kama mchuzi wa kuku. Weka unga katika kikombe kikavu, tia vijiko viwili vya maziwa yenye mafuta yaliyopashwa moto, koroga hadi uwe kama rojo, kisha ndipo umimine chai. Chai ya rangi haifai. Uji wa ulezi unafaa kuliko kinywaji chochote, kwa kuwa uzito wake huyazuia mafuta yasipande juu. Katika chakula, utie mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, na kila mtu atiliwe katika sahani yake baada ya kukubali. Kuwatilia watu katika sufuria ya pamoja bila wao kujua si mzaha, ni kuwadhuru. Sitengenezi kashata wala pipi za bangi, na sitamfundisha mtu, maana mtoto hasomi maandishi ya kopo.

Baada ya kunywa, subiri. Athari huanza kati ya dakika 30 na saa 2, hufikia kilele hata baada ya saa 4, na zinaweza kudumu saa 12, na uzito wa kichwa kuendelea hadi siku ya pili. Usiongeze kipimo usiku huohuo, usichanganye na pombe, na usishike usukani. Mtu akizidiwa, akatapika mfululizo, akapoteza fahamu au akashindwa kupumua vizuri, piga 911, namba ya dharura ya hapa Kanada. Mtoto akionja hata kidogo, piga simu bila kusubiri dalili.

Kuuhifadhi

Tumia kopo la kioo cheusi lenye mfuniko mkavu, nje ya friji, kwa kuwa kopo la baridi likifunguliwa jikoni hukusanya umande na unga huganda. Andika tarehe, neno «bangi», na miligramu kwa kila gramu. Wangu huutumia ndani ya miezi miwili. Mjomba hulifungia lake katika sanduku la chuma la nyaraka, pamoja na pasipoti na hati za nyumba, na ufunguo huuvaa shingoni hata anapokwenda kuoga, kwa sababu wajukuu huja kila Jumapili.