Bidoni Moja kwa Miche Kumi

Kando ya shimo letu la takataka, hapa Majengo mjini Goma, kuna nyanya ndogo zilizojiotea. Hakuna anayezimwagia hata kikombe, na mwezi wa saba bado zinazaa. Zangu za mbegu ya dukani, nilizozibembeleza kitaluni, kufika saa sita mchana zimelala. Mdogo wangu anayetuletea maji ya ziwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, alicheka: "Yaya, hizi zako zinakunywa kuliko watu!"

Siri ni mzizi. Nyanya iliyojiotea haijang'olewa hata siku moja, mzizi wake mkuu hushuka kati ya mawe ya lava. Mche wa kitaluni mara nyingi hukatika mzizi huo ukihamishwa, ukabaki na ya pembeni. Nyanya pori zenyewe ni za kwao Amerika Kusini. Mojawapo, Solanum chilense, huishi hadi pembeni mwa jangwa kavu la Atacama. Ila tunda lake ni dogo na la kijani, hupiki nalo sombe. Sisi tulitaka tunda kubwa lililojaa maji, na maji hayo lazima yatoke mahali.

Wiki mbili za kwanza baada ya kuhamisha, mwagia kidogo kila asubuhi. Baadaye ni bidoni ya lita 20 kwa miche 10, kila siku ya tatu, polepole, shinani. Mimi natumia chupa ya plastiki niliyotoboa kizibo. Kikombe cha kila jioni hulowesha juu tu, na mizizi hubaki hapo juu ikikingoja. Lava haishiki maji, kwa hiyo changanya samadi nyingi, kisha tandaza maganda ya maharage unene wa vidole vinne.

Majani yakilegea mchana, usikimbilie bidoni. Yatazame alfajiri: yakiwa bado yamelegea na kidole kikichomekwa kinatoka kikavu, hapo ni kiu.

Matunda yakishafunga, usiruke zamu. Mwaka jana nilikaa siku nane bila maji, halafu nikamwaga bidoni mbili kwa mkupuo. Nyanya nyingine zilipasuka, nyingine zikaoza kitako, cheusi kama ngozi ya kiatu. Nikanunua dawa bure! Maji yakikatikakatika, kalisi (madini ya kalsiamu) haifiki kwenye tunda.

Msimu huu mbegu nne nimezitia moja kwa moja ardhini, bila kitalu. Mdogo wangu bado hajaambiwa ni zipi.