Somo: Hakuna oili ya kilometa 5,000

Ingia duka lolote la vilainishi hapa Mwanza, sema unataka oili ya injini. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "ya kilometa ngapi?" Kuna ya 3,000, ya 5,000, ya 10,000, na bei inapanda kwa mpangilio huohuo. Sasa chukua galoni lenyewe uligeuze. Utaona uzito wake, yaani wepesi au unene wa kumiminika, mfano 5W-30 au 20W-50. Utaona daraja la ubora: SN au SP kwa petroli, CI-4 au CK-4 kwa dizeli. Kwenye galoni nyingi kilometa hutaziona, maana aliyetengeneza oili hajui utaiweka kwenye injini gani wala utaipitisha wapi. Oili ileile inaweza kufika 10,000 ikiwa salama kwenye gari linalokwenda Shinyanga na kurudi kwa lami, na ikachoka 4,000 kwenye gari linalotoka Kirumba kupeleka mtoto shule halafu linazimwa.

Kwa hiyo somo hili ni la kupata namba ya gari LAKO. Kubadilisha kwenyewe nitakueleza mwishoni, ni kazi nyepesi.

Hatua ya 1: Jua kiwanda kilisema nini

Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na kitabu kama kipo kimeandikwa Kijapani. Basi chukua hii: kwa magari ya petroli ya kawaida yasiyo na turbo, Toyota kule kwao wanasema kilometa 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Yenye turbo ni 5,000 au miezi sita. Usishangilie bado. Wameweka pia kundi la matumizi magumu, na hapo wanakata nusu: 7,500 au miezi sita kwa gari la kawaida.

Fungua pia mlango wa dereva utazame ubavuni, au chini ya boneti. Magari mengi yanakuja na karatasi ndogo iliyoandikwa tarehe na kilometa za mara ya mwisho oili kubadilishwa Japani. Watu wanaibandua ili gari lipendeze. Iache, inakuambia mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa aina gani.

Hatua ya 2: Pima kazi ya gari lako

Matumizi magumu kwa maelezo yao ni haya: safari zisizozidi kilometa 8 kila mara, barabara mbovu au ya vumbi, vilima vingi, injini kunguruma muda mrefu gari limesimama au linatambaa. Mtu wa Mwanza akisoma orodha hiyo anaona kama ameandikiwa yeye. Mjini–Kirumba, kilima cha Bugando, foleni ya jioni, halafu vumbi ukiacha lami kuingia Buswelu ndani.

Nifafanue safari fupi, maana ndiyo watu hawaiamini. Petroli ikiungua inatoa pia mvuke wa maji. Sehemu ya mvuke huo, na petroli kidogo isiyoungua, hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Injini ikipata moto vizuri kwa muda, vyote vinageuka mvuke na kutoka. Ukizima baada ya dakika kumi, vinabaki. Kesho vinaongezeka vingine. Fungua kifuniko cha kujazia oili cha gari la safari fupi ukitazame kwa ndani: ukikuta povu zito la rangi ya maziwa, ndiyo maji hayo. (Usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imekufa. Kwanza endesha gari hadi Magu na kurudi, futa kifuniko, tazama tena. Povu likirudi na maji ya rejeta yanapungua, hapo sasa muone fundi.)

Halafu kuna kunguruma umesimama. Dashibodi inahesabu tairi zikizunguka, haihesabu injini. Wanaoendesha magari ya kazi huhesabu saa moja ya kunguruma kuwa sawa na kilometa 40 hadi 50. Waliokuwa wakisubiri pantoni Kigongo huku kiyoyozi kinapuliza walikuwa wanakula oili bila kilometa kusogea. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema amepumzika na hilo, lakini daladala inayosubiri abiria kituoni bado iko palepale.

Hatua ya 3: Weka namba yako

Huu ni msimamo wangu kwa magari ya huku, ambayo mengi yana umri wa miaka 15 na kuendelea:

IST, Passo, Probox, Premio za mjini: 5,000 au miezi sita. Gari la safari ndefu za lami, oili sintetiki kamili: 7,500, na kama injini ni nzima haili oili, 10,000, ila mwaka usipite. Turbo yoyote, petroli au dizeli: 5,000, usibishane. Hiace ya daladala na Canter ya mizigo: 5,000, na kama inalala foleni, rudi 4,000. Bodaboda: 1,500 hadi 2,000, kwa sababu pikipiki ina lita moja hivi tu, na oili hiyohiyo inalainisha injini, gia na klachi.

Anayekuambia kila gari 3,000 hajakosea kwa injini, amekosea kwa mfuko wako.

Hatua ya 4: Badilisha

Nawasha injini dakika tano ili oili iwe nyepesi, isiwe ya kuunguza. Gari liwe sehemu tambarare, jambo ambalo kwa mji wa mawe kama huu linahitaji kutafuta kwanza. Weka gari kwenye stendi imara. Jeki peke yake usiingie chini yake. Fungua kifuniko cha juu, weka beseni, fungua nati ya chini (kwa IST ni spana 14), acha imwagike hadi ibaki matone.

Toa filta. Hapa tulia: chungulia mahali filta ilipokaa uhakikishe mpira wake wa zamani haukubaki umeganda pale. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, oili yote inaweza kumwagika barabarani ndani ya dakika chache na injini inanoki. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, funga kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia, siyo ya kukazia.

Rudisha nati pamoja na washa mpya (ile ringi bapa ya nati). Jaza. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST ya 1.5 inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, na galoni ni lita 4. Usimimine yote ati isibaki. Oili iliyozidi inapigwa na krenki inakuwa povu, na povu halilainishi. Washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima kwa dipstiki, chungulia chini kama kuna uvujaji. Andika tarehe na kilometa.

Oili chafu isiende mtaroni. Mitaro mingi ya mjini inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani tunakochota maji na kuvua sangara. Iweke kwenye dumu. Wanaopaka mbao na nguzo dhidi ya mchwa wataifuata wenyewe. Galoni tupu litoboe kwa msumari, wasije wakalijaza uchafu na kuliuza kama jipya.

Maswali ya wanachama

Mwenye IST, Nyegezi: Mkuu, fundi wangu anasema gari la zamani na joto letu hili niweke 20W-50, 5W-30 ni maji matupu. Kweli?

Joto la Mwanza mchana ni 28 hadi 30 hivi, injini yako inafanya kazi kwenye 90 na zaidi. Haijali sana kama nje ni Mwanza au Tokyo. Nzito inachelewa kupanda juu asubuhi, na VVT-i ya injini hiyo (mfumo unaopanga muda wa valvu kufunguka) inaendeshwa kwa msukumo wa oili ikipita njia nyembamba. Baki 5W-30. Kama inapunguza oili, jaribu 10W-30 au 10W-40 kabla ya kuruka hadi 50.

Mwenye Noah, Buzuruga: Nimebadilisha juzi, leo ni nyeusi tayari. Nimeuziwa feki?

Rangi haikuambii hilo. Oili inayosafisha injini lazima ichafuke, na ya dizeli inaweza kuwa nyeusi siku hiyohiyo. Wasiwasi uwe ukiishika kwenye vidole ukasikia chembe, au inanuka petroli.

Dada wa Passo, Igoma: Kaka, mimi gari natumia Jumapili kwenda kanisani tu. Kwa mwaka sijafika hata 2,000. Nibadilishe ya nini?

Dada yangu, hiyo ndiyo safari fupi yenyewe. Miezi sita badilisha. Ukishindwa sana, mwaka. Na Jumapili moja moja pitiliza hadi Kisesa uipashe moto.

Mwenye Wish, Misungwi: Inakula kama nusu lita kila kilometa 1,000. Nifungue injini?

Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao wanavumilia hadi lita moja kwa kilometa 1,000, ingawa mimi kwa nusu lita nisingelala vizuri. Pima kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha, jazia. Injini nyingi zinazokufa huku zimekufa kwa kukosa oili, siyo kwa oili kuzeeka. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima hapohapo. Usiseme nifike tu gereji.

Kijana wa boda, Mkolani: Oili ya gari ikibaki naweza kuweka kwenye Boxer?

Hapana mdogo wangu. Oili nyingi za gari zina viambato vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaogelea humohumo. Itateleza. Tafuta iliyoandikwa JASO MA au MA2.

Mvuvi, Ukerewe: Mashine yangu ya boti ni two-stroke, oili nachanganya na petroli. Nina cha kubadilisha kweli?

Juu, hapana. Chini kwenye gia, ndiyo: kila saa 100 au miezi sita. Fungua skrubu ya chini kwanza, halafu ya juu, acha ishuke. Ikitoka rangi ya maziwa, maji yameingia kupitia sili ya shafti. Toa panga (propela) utazame nyuma yake. Mara nyingi utakuta uzi wa nyavu umejizungusha pale na kuikata sili. Badilisha sili kabla hujaweka oili mpya, na ya kujazia ipandishe kutoka tundu la chini mpaka itokeze la juu.