Kupiga Picha kwa Simu Chini ya Jua la Dodoma

Kwa miaka sita sasa simu ndiyo kamera pekee niliyonayo, na picha nyingi ninazozithamini nimezipiga nikiwa njiani kwenda kazini au kurudi nyumbani Ilazo. Watu wanaoziona huniuliza kwanza ninatumia simu gani, ilhali ningependa zaidi waniulize nilipiga saa ngapi, kwa sababu kwa mpiga picha wa Dodoma saa ina uzito kuliko simu.

Mji wetu uko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi kirefu anga hukaa wazi siku nyingi mfululizo. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi. Ukimpiga picha mtu aliyesimama uwanjani saa hizo, utampata akiwa na mashimo meusi machoni na kivuli kizito chini ya pua na kidevu, na hakuna uhariri utakaoviondoa vivuli hivyo bila kuiharibu sura ya ngozi yake. Kwa hiyo jifunze kusoma kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mahali penye kivuli au uache simu mfukoni. Jioni kikifikia mara mbili ya kimo chako, jua limebakiza takriban saa mbili au pungufu kidogo kabla ya kuzama, na huo ndio muda wa kutoka nyumbani. Usichelewe, kwani huku kwetu jua hushuka karibu wima na ule mwanga wa rangi ya dhahabu hudumu kwa muda mfupi tu.

Jambo la pili ni kuizuia simu isikuamulie kiwango cha mwanga. Kamera ya simu hupima mwanga wa eneo lote inaloliona, kisha hujaribu kuupata wa kati. Ukimsimamisha mama mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, simu hudhani kwamba picha imezidi mwanga, nayo huupunguza hadi uso wake unazama gizani. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, na simu itapima upya kwa kuufuata uso. Ukikishikilia kidole hapohapo kwa sekunde mbili hivi, simu nyingi huufunga mlengo (fokasi) na mwanga visibadilike tena. Kando ya mahali ulipogusa hutokea alama ndogo ya jua, ambayo ukiitelezesha juu au chini unaongeza au kupunguza mwanga. Ngozi nyeusi haihitaji kung'arishwa ili ionekane. Inahitaji mwanga laini unaotoka upande mmoja, ili paji la uso na mashavu vipate umbo. Ninasikitika kila ninapoona programu za kupamba picha zikiwageuza watu wetu kuwa weupe kama chokaa, na ningekuomba uzime kabisa kipengele hicho kwenye simu yako.

Mwanga laini wa mchana unapatikana barazani, chini ya mwembe, au kwenye ukingo wa ndani wa kibanda cha biashara. Mwelekeze mtu atazame upande wenye uwazi, nawe usimame ukiupa uwazi huo mgongo. Udongo mwekundu wa nje humulika kutoka chini na kujaza vivuli vya macho, ingawa nao huongeza wekundu kidogo ambao unaweza kuupunguza baadaye. Simama hatua mbili mbali naye, kwa kuwa lenzi kuu ya simu huona eneo pana, na ukimsogelea mno pua yake huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Zabibu zilinifundisha mengi kuliko nyuso. Msimu wa mavuno ukifika, wauzaji huzipanga kando ya barabara, na kila tunda bichi kutoka shambani huwa na utando mwembamba kama unga ambao ngozi yake hujitengenezea. Ukipiga kwa flashi utando huo hupotea na zabibu hung'aa kama plastiki. Nilichojifunza ni kuinama hadi kioo kilingane na kishada, kuacha jua la asubuhi liingie kutoka pembeni, kuigusa punje iliyo mbele kabisa, kisha kuuteremsha mwanga kidogo. Hapo utando huonekana, pamoja na alama ya kidole mahali muuzaji aliposhika. Salimia kwanza: shikamoo kwa mkubwa wako, au "mbukwenyi" ikiwa mwenyeji wako ni Mgogo, halafu omba ruhusa na umwonyeshe picha ukishamaliza. Akikataa, mshukuru uendelee na safari.

Mibuyu ni rahisi zaidi, kwa kuwa haichoki kusubiri. Chagua mmoja ulio njiani kwako uupige asubuhi, jioni, kiangazi na masika. Jua likiwa pembeni, gome huonyesha mikunjo yake na makovu ya mahali lilipochunwa kwa ajili ya kamba. Jua likiwa nyuma ya mti, gusa anga na uuache mti uwe kivuli cheusi chenye matawi. Usiukuze kwa vidole viwili, maana kwa simu nyingi huko ni kukata kipande cha picha na kukitanua tu. Tembea, uusogelee.

Ukifika Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, zima flashi na usimwagie mwamba maji ili rangi zikolee, kwani maji huiharibu michoro hiyo. Piga kutoka kivulini, ukiwa umeegemeza viwiko kifuani ili mikono isitikisike.

Vumbi letu ni adui wa lenzi. Lipulize kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini cha pamba. Ukisugua moja kwa moja, chembe za mchanga hukwaruza. Usiiache simu kwenye dashibodi ya gari, kwa sababu ikipata joto sana hupunguza mwanga wa kioo na wakati mwingine hukataa kufungua kamera.

Mwisho, hifadhi picha halisi. Niliwahi kupeleka picha ya marehemu babu kwenye studio ili ichapishwe kubwa, nikitumia nakala niliyokuwa nimetumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ikatoka na ukungu kwenye macho yake. Nakala halisi ilikuwa imeshafutwa ili kupata nafasi. Tangu siku hiyo kila Jumapili jioni ninahamishia picha zangu kwenye diski ya nje, na ninayetaka kumtumia picha ya kuchapisha ninamtumia kama faili, ifike ikiwa na ukubwa wake wote.