Hakimu anaangalia nini kabla ya kutoa amri ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani

Wengi wanadhani lazima uingie kortini jicho limevimba ndo upewe amri ya ulinzi (amri ya korti ya kumzuia anayekutesa asikudhuru tena), si kweli. Sheria kama ya Kenya ya 2015 au ya Afrika Kusini ya 1998 zinahesabu pia vitisho, matusi ya kukudhalilisha, kufuatwafuatwa, hata kunyimwa hela ya matumizi.

Kwanza uhusiano wako na anayekutesa. Mume, mke, mtalaka, mchumba, mtu mliyezaa naye, ndugu mnaokaa nyumba moja, wote wamo. Jirani mliyegombana kwa kawaida hayumo, huyo ana njia yake.

Pili ni kilichotokea, na hapa ndo penye kazi. Kwenye hati ya kiapo (maelezo yako ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli) usiishie kuandika "ananinyanyasa sana", hakimu ataishika wapi hiyo? Andika tarehe, mahali, alifanya nini, alisema nini kwa maneno yaleyale aliyoyatumia hata kama ni machafu usione haya, nani alikuwepo, watoto waliona au hawakuona. Anza na tukio la karibuni, halafu lile baya kuliko yote, ya zamani kwa kifupi. Meseji usifute, piga skrinishoti zionyeshe namba na tarehe, na uzitunze mahali ambapo yeye hafiki, sio kwenye simu anayoijua paswedi.

Tatu, hatari iliyobaki. Wengi wanaisahau hii kwa sababu wamezama kwenye machungu ya nyuma, ila amri haitolewi kumwadhibu, inatolewa asirudie, kwa hiyo eleza kwa nini unaamini atarudia: ana silaha, vitisho vimezidi tangu umwambie unaondoka, au alishawahi kukukaba shingo (hili la kukabwa usiliache hata kama halikuacha alama, ni dalili mbaya sana).

Ushahidi wenyewe haudaiwi uwe mzito kama wa kesi ya jinai, inatosha hakimu aone kuna uwezekano mkubwa kuwa yametokea kuliko hayakutokea, yani hata kama polisi hawajamshtaki bado unaweza kuomba. Kama hatari ni ya leo leo omba amri ya muda, hiyo inaweza kutolewa yeye akiwa hayupo, kisha anaitwa kujibu. Ukishaipata hakikisha amefikishiwa, maana akisema hakujua ni shida kumshika kwa kuivunja, nakala moja tembea nayo na nyingine ipeleke kituo cha polisi.