Unahama Marekani kwenda Uingereza? Kumbuka ulivyoishi Kisumu

Mtu wa Kisumu aliyekaa Marekani miaka mingi, akihamia Uingereza, hudhani kwamba lugha ikiwa moja basi na maisha ni yale yale. Sivyo. Mengi ya Uingereza aliyaacha nyumbani.

Tuanze na umeme, maana ndio wenye hasara. Marekani ni volti 120. Uingereza ni 230, karibu sawa na 240 yetu. Kabla ya kufunga sanduku, geuza kila kifaa usome kibandiko. Kikiandikwa 100–240V, kama chaji nyingi za simu na laptopu, beba. Kikiandikwa 120V peke yake, kigawe huko huko. Adapta hubadilisha umbo la pini tu, haipunguzi volti. Pasi ya Marekani ikipata volti karibu mara mbili, joto lake hupanda karibu mara nne, na itaungua.

Soketi za Uingereza ni hizi hizi zetu za matundu matatu, kwa hiyo chaji uliyoiacha kwa mama, mtaani Nyalenda, Kisumu, itaingia bila adapta. Ila ule ujanja wa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, uache kabisa. Pini ndefu ya juu ndiyo hufungua vizibo vya matundu mengine mawili. Tena plagi ya Uingereza ina fyuzi ndani: ampea 3 kwa kifaa kisichozidi wati 700 hivi, ampea 13 kwa pasi au birika la umeme. Ile ya pini mbili haina, na waya wake mwembamba ukipiga shoti unaweza kushika moto. Bafuni usitafute soketi ya kawaida. Ikiwepo, ni ya mashine ya kunyolea tu.

Kwenye sinki za nyumba za zamani utakuta mifereji miwili, ya moto na ya baridi mbalimbali. Usinawe chini ya ule wa moto, utaungua. Ziba tundu la sinki, tia maji baridi kwanza, kisha ongeza ya moto. Ya kunywa chukua mfereji wa baridi jikoni, kwa sababu ya moto huenda yametoka kwenye tangi la darini.

Bei ya rafuni ina kodi tayari, kama kwetu. Hotelini soma bili kabla ya kutoa bakshishi: huduma ikiwa imeshajumlishwa, huongezi kitu. Tarehe 4/7 ni Julai, si Aprili. Dharura piga 999. Barabarani ni kushoto, na taa ikiwa nyekundu hukati kona yoyote, hata kama Marekani ulizoea kukata kulia.

Mtu akikuambia "You all right?" hajaona kwamba unaumwa. Ni "Sasa?" yetu, jibu kwa ufupi, uendelee na safari yako. Na suruali usiite "pants", huko ni chupi.

Chai ndiyo haifanani na ya nyumbani. Ukipata mgeni, usiichemshe na maziwa. Weka pakiti ya majani kikombeni, mimina maji yanayotokota, ngoja dakika 3 au 4, toa pakiti, ndipo utie maziwa baridi kidogo. Sukari muulize kwanza, wengi hawatii.