Taa imezimika, kibao kimelala: namna ya kumpata mwenye barabara kwenye mji mdogo

Kibao cha SIMAMA kikianguka njia panda, wengi hukimbilia ofisi za halmashauri, na barua hukaa huko wiki mbili kabla ya kurudishwa. Tanzania Bara alama ni jukumu la mwenye barabara ilipo alama hiyo, kwa hiyo anza na barabara.

Hatua ya 1: Jua barabara ni ya nani

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za wilaya pamoja na mitaa ya mjini ni za TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), ulioanza 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara ya TANZAM (ya Dar es Salaam kwenda Zambia) inakata mji wa Makambako, na mji una halmashauri yake, lakini vibao vya TANZAM ni kazi ya TANROADS hata vikiwa mbele ya soko. Barabara kuu zina namba inayoanza na T, za mkoa R. Usikisie kwa kuangalia lami: TARURA wana lami, na TANROADS wana vumbi.

Hatua ya 2: Pima kwenye maungio

Hapa ndipo penye kutupiana mpira. Kibao cha SIMAMA kiko kwenye mtaa wa TARURA, lakini kinamlinda anayepita barabara kuu. Chukua tepu, simama katikati ya barabara kuu, pima mita 30 kuingia mtaani. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani 30 kila upande (zamani ilikuwa 22.5, ndiyo maana wazee wa mtaa watakubishia). Ndani ya kipimo hicho hakuna kuchimba shimo bila kibali cha TANROADS. Andika barua moja kwa mameneja wote wawili, wa TANROADS na wa TARURA, kila mmoja aone jina la mwenzake. Ukiandika mbili, kila ofisi itakuelekeza kwa nyingine.

Hatua ya 3: Taarifa isiyorudishwa

Taja jina la barabara, umbali kutoka kibao cha kilomita kilicho karibu, upande (kushoto ukielekea wapi), na picha mbili: moja ya karibu, nyingine kutoka mita 50, kama dereva anavyoona. "Pale kwa Mangi" haitoshi. Mkandarasi anatoka mkoani, hamjui Mangi.

Kwa taa za kuongozea magari, eleza zinafanya nini:

- Zote zimezima: mara nyingi ni umeme. Fundi aanze na kikata umeme na mita. Kama mita ni ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), huenda uniti zimekwisha.
- Njano inawaka na kuzima pande zote: kabati la mitambo inayoongoza taa limegundua hitilafu, kwa mfano nyekundu iliyoungua au kijani mbili zinazogongana, likajilinda. Kuzima na kuwasha upya kutalituliza kwa muda tu. Kama maji yameingia kwenye maungio ya waya, mvua ijayo itarudisha tatizo lilelile.
- Rangi moja tu haiwaki: taa yenyewe au waya wake.

Wakati huohuo waite trafiki waongoze kwa mikono. Kutengeneza si kazi yao.

Hatua ya 4: Kusimamisha kibao kisizunguke

Bomba la chuma lililopakwa zinki, kipenyo milimita 76. Shimo sentimita 40 kwa 40, kina 60. Kabla ya kumwaga zege, chomelea kipande cha nondo cha sentimita 30 kikatishe chini ya bomba. Bila nondo hiyo bomba huzunguka ndani ya zege, na baada ya miezi michache SIMAMA inalitazama duka. Zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) linatosha. Shimo hilo linakula kama nusu mfuko wa saruji. Acha siku tatu ndipo ufunge bati la alama.

Ukingo wa chini wa bati uwe mita 2.1 kutoka ardhini mahali wanapopita watu. Ligeuze kidogo, kama nyuzi 5, lisitazamane moja kwa moja na taa za magari, maana mng'ao utafuta maandishi usiku. Bolti tupu usiziamini, wauza chuma chakavu wana spana: tumia ribiti au chomelea nati. Kisha kata matawi yanayokiziba kibao.

Hatua ya 5: Muda wa taa

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, njano iwe sekunde 3, kisha nyekundu pande zote sekunde 1 hadi 2. Mwenda kwa miguu hukadiriwa mita 1.2 kwa sekunde: barabara ya mita 14 inahitaji kama sekunde 12 za kuvuka. Penye wazee na mikokoteni, kadiria mita 1, upate 14. Kosa la kawaida ni kunakili mpangilio wa jiji kubwa bila kupima upana.

Hatua ya 6: Alama mpya

Ukarabati unaingia kwenye matengenezo ya kawaida, lakini kibao au taa mpya inahitaji bajeti, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ombi la Mei limechelewa. Lipitishe mapema kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako mameneja wa TANROADS na TARURA hukaa meza moja. Mpe mbunge wako nakala, naye huingia humo. Kama mtaa umekua kiasi cha kustahili kupandishwa daraja, ombi hilo nalo linaanzia bodi hiyohiyo.