Mbolea ya ruzuku: kagua usajili kabla ya mvua

Nchini Kenya, mbolea ya ruzuku hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa kwenye KIAMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wakulima. Usajili hupitia ofisi ya chifu: beba kitambulisho, namba ya simu unayoitumia, ukubwa wa shamba na zao unalolima.

Makosa mengi huanzia hapo. Anayeandikisha akiandika hekta badala ya ekari, mgao wako unapinda, maana hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Soma fomu kabla hajaifunga. Laini nayo iwe yako. Ya mtoto aliye mjini itapokea ujumbe wa mgao wako wewe ukingoja bure.

Ujumbe ukifika, tazama aina ya mbolea na idadi ya magunia. DAP ni ya kupandia, CAN ya kukuzia. Ukizibadilisha, mahindi yatakuonyesha kwa majani.

Nenda ghalani na kitambulisho halisi, si nakala. Lipa kwa simu, usimpe kibarua pesa mkononi. Gunia la kilo 50 lipimwe mbele yako, na mshono ukiwa umerudiwa kwa mkono, likatae.